Kibaba na Mizani

Katika kazi zote zinazofanywa kila uchao katika Mji wa Kale wa Mombasa, kuanzia ile ya seremala achongaye mlango wa mbambakofi mpaka ile ya mpishi wa halua akorogaye sufuria yake bila ya kuupumzisha mkono, sijaona kazi iliyo na haki kubwa ya kusifiwa, na iliyopata sifa haba, kama ya yule aketiye baina ya kibaba na mizani, ambaye akiletewa kitu kwa ujazo hukijua kwa uzito, na akiletewa kwa uzito hukijua kwa ujazo, wala hampunji muuzaji wala hamdhulumu mnunuzi. Watu humsifu fundi kwa kile akiachacho nyuma yake kikaonekana. Lakini mpimaji haachi kitu ila insafu, na insafu ikitendeka sawasawa haionekani kwa macho. Ndiyo sababu nimeazimia kuandika habari zake, na kuzifuata kutoka nafaka na samli za wazee wetu mpaka mafuta ya shea ambayo siku hizi yameingia katika maduka na majiko ya mji huu, kwa kuwa naamini kwamba kugeuza ujazo kuwa uzito si hesabu tupu, bali ni maarifa ya kuijua tabia ya kila kitu, na ni amana kabla ya kuwa biashara.

Kisiwa cha Mvita tangu hapo kale hakikuwa cha wakulima. Ibn Battuta, alipopita hapa mwaka 1331, aliandika kwamba watu wake hawakuwa na kilimo cha nafaka, na kwamba nafaka waliyokula waliletewa kutoka nchi za Sawahil. Habari hiyo ni fupi, lakini mwenye kuizingatia ataona kwamba mji usiolima ni mji unaopima, kwani kila tonge lililoliwa ndani yake liliingia kwa mlango wa bandari, na kila kilichoingia bandarini ilikuwa hakina budi kupita mikononi mwa mtu wa kukikadiria. Katika Bandari ya Kale, karibu na Ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, majahazi ya kaskazi yalishusha tende na chumvi na papa mkavu, pamoja na samli ya pwani ya Banadir. Na kila bidhaa ilikuwa na kipimo chake kilichokubaliwa na wote, boriti zikihesabiwa kwa korija, nguo zikipimwa kwa dhiraa, pembe zikiwekwa kwenye mizani kwa frasila, na nafaka zikimiminwa katika pishi.

Upande wa ujazo kulikuwa na kibaba, na vibaba viwili vikafanya kisaga, na visaga viwili vikafanya pishi, na pishi 60 zikafanya jizla. Upande wa uzito kulikuwa na wakia, nayo ilikuwa ni uzito wa riyali moja ya fedha, ile riyali ya Maria Theresa yenye tarehe ya 1780 iliyozunguka pwani yote, ambayo ina gramu 28 na ushei mdogo. Na wakia 16 zikafanya ratili, na ratili 35 au 36 zikafanya frasila, ambayo kwa hesabu ya leo ni takriban kilo 16. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyekuwa na riyali 16 mkobani mwake alikuwa na ratili yake tayari, na fedha yake ilikuwa ni thamani na jiwe la mizani kwa wakati mmoja.

Kiungo baina ya pande hizi mbili kilikuwa nafaka. Kibaba cha nafaka kilikadiriwa kuwa ratili moja na nusu, na pishi kuwa ratili 6, hata pishi 6 zikalingana na frasila moja. Lakini mpimaji aliyeijua kazi yake hakusahau kwamba kiungo hicho ni cha nafaka peke yake. Kwani kibaba kilekile kikitiwa unga huwa chepesi, kikitiwa chumvi huwa kizito, na kikitiwa asali hulemea mkono kabisa. Wala kujaza kwenyewe hakukuwa kwa namna moja: palikuwa na kibaba cha mfuto, ambacho hupitishwa kijiti juu ya mdomo wake mpaka kikawa sawasawa, na palikuwa na kibaba cha tele, ambacho huachwa na kilele chake, na tafauti ya hivi viwili, ndogo kwa mnunuzi wa siku moja, ni mali nyingi kwa mwenye ghala. Kwa hivyo mtu aliyeagana bei bila ya kuagana mfuto au tele alikuwa bado hajaagana kitu.

Baadaye likaja debe. Bati hili, lililofika pwani likiwa na mafuta ya taa, lilikuwa na nafasi ya galani 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na ushei, na lilipokwisha kazi yake ya kwanza likaokotwa na kila mtu likawa kipimo cha maji, cha mahindi, cha chokaa na cha samli. Sasa na tulitazame kwa hesabu. Galani moja ya maji ina ratili 10 za Kiingereza, basi debe la maji lina ratili 40. Lakini samli ni nyepesi kuliko maji, na galani yake ikiyeyuka ina ratili 9 na kitu kidogo, kwa hivyo debe la samli lina ratili 36 na ushei, na hiyo ndiyo frasila. Vipimo viwili vilivyozaliwa mbali, kimoja ni bati la viwandani na kingine ni uzito wa wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi, vikakutana ndani ya samli vikapatana, ilhali ndani ya maji havikupatana. Ajabu hii ndogo ina mafunzo makubwa: ujazo na uzito havina mapatano ya daima baina yao, bali mapatano yao hufanywa na kile kinachopimwa, na anayetaka kuyajua hana njia ila kukiuliza kitu chenyewe.

Hayo yalikuwa yakijulikana na wanazuoni kabla ya kujulikana na wachuuzi. Zaka ya fitri, ambayo kila Mwislamu wa mji huu huitoa Ramadhani inapomalizika, kiasi chake kwa asili ni ujazo: ni saa moja yenye mudi nne, na masheikh wetu wa pwani wameieleza kwa pishi yenye vibaba vinne. Inasimuliwa kwamba Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Imam Abu Hanifa, alifika Madina akishika kwamba saa ni ratili 8 za Baghdad, akahojiana na Imam Malik; basi wakaja watu, wana wa Muhajirina na Ansari, kila mmoja ameshika saa aliyoirithi kwa wazee wake, na zilipopimwa zikaonekana ni ratili 5 na thuluthi, naye akaiacha kauli aliyokuja nayo akashika waliyokuwa nayo watu wa Madina. Katika kisa hiki hoja haikukatwa kwa ufasaha wa ulimi wala kwa wingi wa vitabu, ila kwa chombo kilichotunzwa nyumbani na mizani iliyosimama sawa.

Lakini Imam an-Nawawi, ambaye vitabu vyake vimesomwa na vizazi vya wanafunzi katika misikiti ya pwani hii, aliona kwamba hata hapo pana mushkili. Kwani saa ni chombo maalumu, na uzito wa kilichomo hutafautiana kwa jinsi ya kitu kinachotolewa, mtama ukiwa na uzito wake na dengu zikiwa na uzito wao. Kwa hiyo akafundisha kwamba la kutegemewa ni chombo, na asiyekuwa nacho atoe kiasi ambacho ana yakini kwamba hakikupungua. Ndipo tunapoelewa kwa nini kila mwaka, watu wanapoulizana kuhusu kilo za mchele wa fitri, jibu la mwenye elimu huelekea kuzidisha wala si kupunguza: si kwa kuwa hajui hesabu, bali kwa kuwa anajua mipaka yake.

Na katika fiqhi ya Imam Shafii kuna mas'ala iliyo karibu zaidi na mafuta yetu. Wanazuoni walikhitalifiana juu ya samli inapouzwa kwa samli: je, usawa wake utafutwe kwa mizani au kwa kipimo cha ujazo? Wako waliosema ni ya kupimwa uzito, na wako waliosema ni ya kupimwa ujazo. Imam al-Baghawi akapita kati, akasema ikiwa imeganda ipimwe kwa mizani, na ikiwa imeyeyuka ipimwe kwa chombo. Tazama jinsi mtu huyu, aliyefariki mwaka 1122 huko Khurasani, alivyoiona tabia ya shahamu waziwazi: kilichoganda hakiwezi kujaza chombo bila ya kuacha mianya, na kilichoyeyuka hujaza kila pembe. Mpishi yeyote wa Mombasa aliyewahi kuchota samli kwa kijiko asubuhi ya baridi ya kusi anajua ukweli wa maneno hayo.

Madhali tumesema habari za insafu, inafaa tukumbuke pia kwamba mji huu uliwahi kuibeba mizani katika fedha zake. Pesa za shaba za Sayyid Barghash wa Unguja, za mwaka 1299 wa Hijria, zilipigwa chapa ya mizani, na zile za kampuni ya Waingereza iliyokuwa na makao yake Mombasa, za mwaka 1888, nazo zikapigwa chapa hiyohiyo. Sarafu ya shaba ndiyo fedha ya mnyonge. Na waliochagua picha ya kuitia juu yake walitia kile ambacho mnyonge anakihitaji zaidi ya vyote aendapo sokoni.

Sasa nije kwenye mafuta ya shea. Mti wake humea katika ukanda mrefu wa Afrika, kutoka nchi za Magharibi kama Mali na Burkina Faso na Ghana mpaka Sudani Kusini na kaskazini ya Uganda, ambako Waacholi na Walango huyaita mafuta yake moo yaa. Wanawake huokota matunda yaliyoanguka, wakazianika kokwa, wakazivunja, wakazikaanga, wakazisaga, wakazichemsha mpaka mafuta yakaelea juu. Na mafuta ya Uganda ni laini kuliko ya Magharibi, hata katika joto la kisiwa chetu huwa karibu na kuyeyuka yenyewe. Yamefika Mombasa kama vilivyofika vitu vingine vyote, kwa biashara, na yamepata makao miongoni mwa watu ambao kujipaka na kujifukiza si mambo mageni kwao, kwani huu ni mji wa liwa, wa singo, wa udi na wa mafuta ya nazi. Leo mabibi na mabinti huyachanganya na mafuta ya nazi na marashi wakafanya mafuta ya nywele na ya ngozi na sabuni za mche. Na hapo ndipo taabu ya zamani ilipozaliwa upya, kwa kuwa maelekezo mengi wanayoyafuata huandikwa ng'ambo, mengine kwa vikombe, mengine kwa gramu, na mengine kwa aunsi ambazo hazikubainishwa kuwa ni za ujazo au za uzito.

Nimemtazama bibi mmoja wa Kibokoni akiifanya kazi hii, na sidhani kwamba nimepata kuona adabu ya ufundi iliyokamilika kuliko ile. Kwanza aliweka bakuli tupu juu ya mizani, akaandika uzito wake katika daftari kabla ya kutia chochote. Kisha akayakwangua mafuta yaliyoganda kwa mwiko, akayatia katika kikombe, akayashindilia kwa mgongo wa kijiko mpaka hewa yote ikatoka, akapitisha kisu juu ya mdomo wa kikombe kama wazee walivyopitisha kijiti juu ya kibaba cha mfuto, na ndipo akayahamishia bakulini akayapima. Akachukua mafuta mengine, akayayeyusha juu ya sufuria ya maji ya moto, akakijaza kikombe kilekile, akapima tena. Mara ya tatu akachota yaliyopigwa kwa mchapo mpaka yakawa povu jeupe, akapima, akaandika. Mjukuu wake aliyekuwa akimsaidia akamwuliza:

"Nyanya, kwani kikombe si ni kikombe tu?"

"La, mwanangu," akamjibu bila ya kuinua macho. "Kikombe chajua nafasi yake, hakijui kilichomo. Hebu isome mizani, uniambie mwenyewe."

Msichana akasoma, na tarakimu tatu za kikombe kimoja zilikuwa mbalimbali. Haya ndiyo yaliyomo ndani yake, kwa yule anayetaka kuyaweka akilini. Lita moja ya maji ina kilo moja. Lita moja ya mafuta ya shea yaliyoyeyuka ina gramu 900 na ushei. Mafuta ya nazi yana karibu gramu 920. Samli ina karibu gramu 910. Ilhali asali hupita gramu 1,400. Kwa hiyo kikombe cha mililita 250 kikijazwa shea iliyoyeyuka kina takriban gramu 228, na kikombe cha Kimarekani cha mililita 240 kina takriban gramu 218. Na mtu aliyechanganya vikombe hivi viwili amekwisha kupoteza gramu 10 kabla ya kuanza kazi. Aunsi 8 za ujazo wa Kimarekani za mafuta haya zina gramu 215 tu, ambazo kwa uzito ni aunsi 7 na nusu na kitu kidogo, wala si 8. Ama yale yaliyopigwa yakawa povu, nusu ya kikombe huweza kuwa ni hewa, na anayeyauza kwa kopo bila ya kutaja uzito wake anauza upepo wa bahari kwa bei ya mafuta.

Tena kuna majira. Sisi tunaokaa na kaskazi na kusi tunazo dalili mbele ya macho yetu ambazo mtu wa nchi ya baridi hana. Mafuta ya nazi huyeyuka yakifika nyuzi 24 au 25 za joto. Kwa hivyo chupa iliyokuwa maji matupu mwezi wa Februari hupatikana imeganda nyeupe alfajiri ya Julai, na ukiichunguza utaona katikati yake pamebonyea, kwa sababu mafuta yagandapo hunywea. Nayo yakiwa ya maji, kila nyuzi 10 za joto huyavimbisha kwa kadiri ya sehemu 7 katika 1,000. Basi kikombe cha kaskazi si kikombe cha kusi, wala kikombe cha adhuhuri si kikombe cha alfajiri. Lakini weka chupa ile juu ya mizani asubuhi na mchana, wakati wa joto na wakati wa baridi, uzito wake ni uleule. Joto hubadilisha nafasi, halibadilishi kitu. Na hapo ndipo ilipo hoja ya mizani, nayo ni hoja isiyopingika.

Katika mafuta ya kujipaka, kosa la gramu chache huwa hasara ya mfuko tu. Lakini katika sabuni huwa dhara ya mwili. Sabuni hutengenezwa kwa kuoanisha mafuta na kostiki soda, na kila aina ya mafuta ina haki yake maalumu ya soda: kilo moja ya shea hutaka karibu gramu 128, na kilo moja ya mafuta ya nazi hutaka karibu gramu 183. Mafundi hupunguza soda kidogo, aghalabu sehemu 5 katika 100, ili yabaki mafuta ya kuilainisha ngozi. Sasa mfikirie mtu aliyeambiwa atie kilo moja ya shea, naye akapima lita moja akidhani ni mamoja: atakuwa ametia gramu 910 au chini ya hapo, ambazo haki yake ni gramu 116 za soda, ilhali yeye ameweka 128. Hata ile akiba ya sehemu 5 haitoshi kuifidia taksiri hiyo, na soda iliyozidi haitapata mafuta ya kushikana nayo, itabaki ndani ya mche wa sabuni kuchoma mikono ya mfuaji na ngozi ya mtoto. Mimi sijui ushahidi ulio wazi kuliko huu kwamba hesabu ya uzito ni katika mambo ya dhamana, na kwamba kuipuuza ni kumdhulumu mtu ambaye hata hujamwona.

Wauza manukato wa mji huu nao wana mtihani wao. Tola, kipimo kilichotoka Bara Hindi pamoja na rupia, ni uzito wa gramu 11 na thuluthi mbili, nao ulikuwa ndio uzito wa rupia yenyewe. Lakini siku hizi mafuta ya manukato huuzwa kwa vichupa, na tola moja huhesabiwa kuwa mililita 12. Aliyefanya makadirio hayo hakukosea alipokuwa akikusudia mafuta ya msandali, kwani mililita 12 za msandali zina gramu 11 na nusu na zaidi, karibu sawa na tola ya haki. Lakini mafuta ya waridi ni mepesi, na mililita 12 zake zina gramu 10 na ushei tu. Basi anayenunua waridi kwa kichupa cha msandali amepunjwa, ingawa muuzaji hakukusudia khiyana na kichupa kilijaa hadi shingoni. Haya yanathibitisha yale tuliyoyaona katika debe la samli: kipimo kilichopatana na kitu kimoja hakikupatana na vyote.

Isidhaniwe kwamba kwa kuisifu mizani nakusudia kukitupa kibaba. Kibaba ni chombo cha haraka na cha wengi. Humwezesha mwenye fedha kidogo kununua unga wa jioni ile bila ya kuona haya, hakihitaji moto wala umeme, na katika baadhi ya kazi ndicho kinachostahili, kwani mpishi wa wali hupima mchele na maji kwa kikombe kimoja, na wali wake hutoka unachambuka. Qurani Tukufu imewaonya wenye kupunja katika kupima kwa chombo na katika kupima kwa mizani, zote mbili pamoja, na imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliwafanya watu wa Madina, waliokuwa wakulima wa tende, kuwa marejeo ya vipimo vya ujazo, na watu wa Makka, waliokuwa wafanyabiashara, kuwa marejeo ya mizani. Kwa hivyo vyote viwili vina heshima yake, na fundi si yule aliyechagua kimoja akakidharau cha pili, bali ni yule anayeweza kutoka kwenye kimoja akaingia kwenye cha pili bila ya haki ya mtu kupotea njiani.

Sheria ya nchi yetu, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri, na jambo hilo ni jema. Lakini mkaguzi hukagua chuma, hakagui maarifa. Mizani yenye muhuri mikononi mwa mtu asiyejua kutoa uzito wa chombo, au asiyejua kwamba povu si mafuta, bado itadhulumu. Maarifa haya zamani yalikaa vichwani mwa watu wa Bandari ya Kale na maduka ya Ndia Kuu, yakirithiwa kwa kusimama karibu na mzee na kumtazama. Na kwa kuwa siku hizi vijana wengi hujifunza kazi zao peke yao, hayana budi kuandikwa, kwani wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Basi rai yangu kwa kila atengenezaye mafuta, sabuni, singo au manukato katika kisiwa hiki, awe ni bibi wa Kibokoni au kijana aliyeanza jana, ni hii. Nunua mizani inayosoma gramu moja moja. Chagua kikombe kimoja, usikibadilishe. Kipime kikiwa kitupu, kisha kipime kikiwa na kila kitu unachokitumia, kilichoganda na kilichoyeyuka na kilichopigwa, na uandike tarehe na majira, urudie tena kaskazi ikiondoka na kusi ikiingia. Maelekezo yakikujia kwa vikombe, yageuze kwa daftari lako kabla ya kuwasha jiko. Yakikujia kwa aunsi, usianze mpaka ujue ni aunsi gani. Juu ya kopo lako andika uzito wa kilichomo, si ukubwa wa kopo. Na mwite mtoto wako aisome mizani mwenyewe, ili naye asimpunje mtu wala asipunjwe. Anayeuza kwa kikombe na akipime kikombe chake leo, kabla ya kumwuzia mteja wa kesho.